Mbwa wa Masharti Matatu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, na mguu wake mmoja umesimamia tofali. Anayekaa upande wa tofali akiinuka bila kutoa taarifa, wenzake wanamwagikiwa kahawa. Sheria ya pale ni hiyo moja tu. Mengine yote yanajadiliwa. Upande wa tofali hukaa Karani, mstaafu wa mahakama, kwa kuwa ndiye asiye na haraka ya kwenda popote. Anayemfuata ni Futi, fundi cherehani, ambaye futi yake ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Kisha Mawimbi, fundi redio, mtu ambaye hakuna jambo duniani asilowahi kulisikia mahali. Mwisho kabisa, jirani na meza yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa, na funguo zisizochongwa zinazoning'inia kwenye waya, hukaa Komeo, fundi wa makufuli. Komeo ana hasira za karibu na maneno yaliyonyooka, na vyote viwili anavihesabu kuwa ni mali. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, ila hajatokea mtu wa kuthubutu kumwita vingine. Asubuhi hiyo Komeo alichelewa. Alipofika, alikuwa amebeba boksi la viatu kwa mikono miwili, na ndani ya boksi kitu kilikuwa kinapumua.

– Hicho nini? – Futi akauliza.

– Mbwa.

– Mbwa gani wa kuenea kwenye boksi la viatu?

– Wa aina ya teria. Umeridhika, au nikuletee cheti?

Komeo akafunua kifuniko. Wote wakainama, kasoro Karani, ambaye kwa kuiheshimu sheria ya benchi alirefusha shingo tu. Mle ndani alikaa mtoto wa mbwa wa wiki tisa, rangi ya mkate ulioiva vizuri, nyusi ndefu, ndevu za mzee aliyepunjwa, na mkia uliosimama wima kama kidole cha mtoto anayelijua jibu darasani. Akawatazama mmoja mmoja. Hakutoa sauti.

– Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, – Karani akatamka.

– Huyo ni mbwa, mzee.

– Methali haibagui wanyama.

Komeo akaeleza mara moja, kwa kuwa hapendi kuulizwa mara mbili. Mtaa wa nyuma yuko mama mmoja mwalimu, mbwa wake kazaa wanne, watatu wamekwishachukuliwa. Huyu wa nne kampa akamkague mpaka saa sita. Akirudishwa kabla ya hapo, hakuna lawama, yupo mnunuzi mwingine anayemsubiri. Saa sita ikipita hajarudi, amenunuliwa. Kijitabu cha chanjo kipo, dawa ya minyoo amepewa, bei wameelewana na haijadiliwi hapa.

– Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia, – akamaliza. – Ndiyo maana nimemleta kwenye boksi.

– Nina swali moja, – Mawimbi akasema, na kila mtu akajua ni manne. – Wewe ni nani?

– Unanijua.

– Nakujua. Fundi wa makufuli. Mtaa mzima unalala kwa vitasa vyako. Sasa kesho watu wakuone unavuta mbwa wa kulinda nyumba. Watasemaje? Watasema, kumbe fundi mwenyewe haviamini vitasa vyake. Ni sawa na mimi nionekane naazima redio.

– Ulishaonekana, – Shangazi akasema huku akimimina.

Mshipa wa shingo ya Komeo ukatoka nje kusikiliza.

– Kwanza, si wa kulinda. Pili, kitasa cha mlango wangu kina ndimi tatu. Nikisahau ufunguo, mimi mwenyewe nalala nje. Mke wangu ana wake. Binti yangu wa darasa la pili ana wake shingoni, kwenye kamba. Nilimchongea kwa mkono huu siku bibi yake alipohamia kwa mjomba kulea mapacha. Nyumba yangu haina shida ya kulindwa.

– Sasa mbwa wa nini?

– Kaagiza binti. Kwa masharti matatu. Awe mdogo. Awe wa kubweka. Na awe wa kulala ndani, asiwe mbwa wa nje. Nikamwambia, sawa mama, umempata. Neno langu likitoka halirudi.

– Ukasema sawa, basi?

– Nikasema sawa, basi. Mteja akija akitaka kufuli la aina fulani, nampa la aina hiyo. Simuulizi anafungia nini. Miaka kumi na tisa sijamuuliza mtu anafungia nini, ndiyo maana wananiamini.

Hapo hakuna aliyebisha. Wote walikuwa wamefungiwa kitu na Komeo, na hakuna aliyetaka kuulizwa.

Ikabaki kazi ya kumkagua mbwa. Futi akavua futi yake, akampima urefu wa mgongo, mzunguko wa kifua, mkono na mguu, na kwa mazoea akauliza nguo inatakiwa lini. Ndipo akazinduka. Kisha akavuta ngozi ya shingo, akaiachia, akaivuta tena, uso ukabadilika.

– Hapa pana neno. Fundi, shika. Ngozi imezidi. Aliyemshona huyu ameacha pindo.

– Pindo la nini?

– La kukulia. Sare ya mtoto wa shule si unaacha pindo ili mwakani ulishushe? Huyu kaachiwa inchi mbili shingoni na nyingine kiunoni. Likishushwa pindo hili unapata ndama.

– Mwalimu kasema hatapita goti.

– Goti la nani?

Komeo akashika ile ngozi kwa vidole vyake. Pindo lilikuwepo kweli. Na sharti la kwanza lilikuwa udogo.

– Na sauti? – Mawimbi akadakia. – Tangu umemchukua kabweka mara ngapi?

– Bado.

– Bado ni mara ngapi?

– Hajabweka, Mawimbi. Tangu saa mbili.

Mawimbi akatega sikio kwenye mbavu za mbwa, akapapasa koo kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

– Umeme unaingia, mashine inazunguka. Spika ndiyo sina hakika nayo. Tumpe mfano.

Akabweka yeye, kwa sauti nene. Mbwa akatazama pembeni. Futi akabweka kwa sauti nyembamba. Mbwa akajikuna sikio.

– Mzee, jaribu wewe. Wewe umezoea kuitikiwa.

Karani alikuwa mtu aliyeweza kunyamazisha ukumbi mzima kwa neno moja. Akakohoa, akaweka kola sawa, akabweka mara tatu kwa mpangilio, kama anayesoma majina ya washtakiwa. Watu wawili waliokuwa wanapita wakavuka barabara. Mbwa akamtazama kwa huruma, akapiga mwayo, akachuchumaa kwenye kona ya boksi, na maji yakapenya karatasi moja kwa moja hadi kwenye kiatu cha Futi.

– Dalili ya mvua ni mawingu, – Karani akasema.

Komeo hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu ya masharti: mdogo, hapana, wa kubweka, hapana, wa kulala ndani, labda, lakini kwa mkojo ule. Akaona jioni inavyokuja: binti amekaa kitandani, miguu haijafika chini, anatazama mikono ya baba yake na mikono haina kitu. Hatalia. Yule angelia ingekuwa afadhali. Atasema, sawa baba, kwa ile sauti ya mteja aliyeambiwa aje kesho na anajua kesho yenyewe haipo.

– Namrudisha, – akasema. – Niliahidi mbwa mdogo mwenye kelele. Siwezi kumpelekea mtoto ndama bubu nikamwambia ndiye yuleyule. Nimalizie kikombe hiki nimrudishe.

Angemaliza kikombe, na mambo yangeishia hapo, kama Shangazi asingeweka birika chini.

– Mimi mwenzenu nashangazwa na hayo masharti, – akasema. – Mtoto wa miaka minane akiomba mbwa, anaomba mbwa mzuri. Mweupe, wa manyoya, wa kubeba. Huyu kaomba kelele. Tangu lini mtu akaomba kelele?

Swali lilikuwa tamu kuliko kahawa, na kila mmoja akalishika kwa upande wake.

– Ni mtindo, – Futi akasema. – Nawaona wanafunzi. Mmoja akija na begi la maua, wiki ijayo wote wana begi la maua. Sasa wamehamia kwenye mbwa. Mdogo kwa sababu atavalishwa. Wa kubweka kwa sababu lazima watu wageuke waone kavaa nini. Mtaniletea kitambaa wiki hii hii.

– Na kulala ndani?

– Nguo isichafuke.

– Futi, wewe ukimwona mtu kazimia utasema kachoshwa na mshono, – Mawimbi akasema. – Sikilizeni. Mbwa anasikia mawimbi tusiyoyasikia. Nilisikia mahali kwamba tetemeko la ardhi mbwa analijua siku mbili kabla, na kadiri mbwa anavyokuwa mdogo ndivyo sikio lilivyo karibu na ardhi. Mtoto naye ni mfupi. Kuna kitu kakisikia chini, hawezi kukieleza, anataka shahidi. Ndiyo maana awe wa ndani. Ndiyo maana abweke.

Futi akainua kiatu chake kilicholowa kutoka ardhini, polepole.

– Nyote mnaogelea nchi kavu, – Karani akasema. – Hili ni jambo la kisheria. Mbwa wa nje ni mali. Mbwa wa ndani ni mkaazi. Kesi ya namna hii niliiona kwa macho, mbwa wa ndani alisomwa kwenye wosia kabla ya mtoto wa tatu. Binti ni wa pekee, sivyo?

– Wa pekee.

– Anajua hatabaki wa pekee daima. Anajipangia kura. Siku mtoto mwingine akizaliwa, ndani ya nyumba watakuwa wawili kwa mmoja. Na mpiga kura asiye na sauti ana faida gani? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Komeo akajikuta anamtazama mbwa kama mtu anayemtazama shemeji mpya. Sasa naye alitaka kujua, na kwa mtu asiyeuliza, kutaka kujua ni kuwashwa mahali mkono usipofika.

– Hebu ngojeni, – Mawimbi akasema, sauti imeshuka. – Ngojeni kwanza. Kazi ya teria ni nini? Si mbwa wa kulinda, si wa mapambo. Nilisikia ni mbwa wa kufukua. Anaingia kwenye mashimo ya panya na sungura, akikuta kitu anabweka kutoka chini, mwenye mbwa anajua pa kuchimba. Sasa panga masharti. Mdogo: aingie shimoni. Wa kubweka: akikifikia atoe taarifa. Wa kulala ndani: kwa sababu shimo liko ndani.

Masharti yote matatu yakaingia kwa pamoja na kuzunguka, kama ufunguo kwenye kitasa chake. Hata Shangazi akasahau kumimina.

– Ndani ya nyumba yangu? – Komeo akauliza.

– Aliyekaa humo kabla yako alikuwa nani?

– Mzee mmoja. Mwenye biashara. Aliondoka haraka.

– Haraka, – Karani akarudia, kama anayeandika.

– Na bibi wa mtoto, – Mawimbi akaendelea, – alishinda humo ndani mchana kutwa, miaka mingapi?

– Sita.

– Hakuwa na mahali anapopapenda?

– Chumba cha nyuma, – Komeo akasema. Ile kona ya dirishani. Alikuwa anaifagia mara mbili.

– Mara mbili, – Futi akanong'ona.

– Na mtoto pembeni yake. Bibi akamwonyesha. Bibi kaondoka, siri imebaki na mtoto, na mtoto hana jembe. Kaagiza mbwa.

Walikuwa wamefika mbali. Futi alishaanza kupima kwa macho upana wa kona ambayo hajawahi kuiona. Karani alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mara ya kwanza mwaka ule methali ilikaribia mahali pake. Akainuka kwa ajili ya kuinama huko, tofali likacheza, na kahawa ya watu watatu ikaenda chini. Ndipo wakamwona mwanamke amesimama mbele ya meza ya Komeo, mkoba wa kazini begani, ufunguo mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

– Habari za hapa. Fundi, naomba unichongee wa pili kama huu.

– Nzuri. Kaa.

Komeo akafunga ufunguo usiochongwa kwenye jiliwa, akashika tupa. Hakumuuliza ni wa mlango gani. Mwanamke akakaa mwisho wa benchi, akachungulia boksi, akampa mbwa kidole, mbwa akakitafuna bila kuchoka.

– Mzuri. Wa nani?

– Wa binti ya fundi, – Futi akasema, – lakini anarudishwa.

– Hajarudishwa bado, – Mawimbi akasema. – Kuna mambo yamejitokeza.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja: pindo, spika, tetemeko, wosia, yule mzee aliyeondoka haraka, kona iliyofagiwa mara mbili. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa anasubiri ufunguo na hana pa kwenda. Kisha akamgeukia Komeo.

– Na mtoto mwenyewe anasema anamtakia nini?

Tupa ikasimama.

Futi akamtazama Mawimbi. Mawimbi akamtazama Karani. Karani, aliyekuwa na methali ya kila kitu, akatazama ndani ya kikombe kitupu.

– Mteja haulizwi, – Komeo akasema.

– Mteja? Nimesikia ni mwanao.

– Ni mwanangu.

– Basi.

Alisema basi bila ubaya, akarudi kucheza na mbwa. Komeo akapiga tupa mara mbili, akasimama tena. Ufunguo aliokuwa anauchonga ulikuwa mdogo, wa kitasa cha ndimi tatu, ndugu wa ule wa binti aliouvika kamba.

– Shangazi, – akasema, bila kuinua kichwa. – Shule ya pale inatoka saa ngapi?

– Saa sita na nusu, darasa la kwanza na la pili. Nawaona wakipita. Wako hufika nyumbani saa saba. – Akafuta kikombe kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. – Bibi yake alipokuwepo alikuwa anamngoja hapo mlangoni. Mama yake siku hizi anatoka kazini saa ngapi?

– Saa kumi na moja.

– Na wewe?

– Unaniona natoka saa ngapi.

Hakuna aliyeongeza nadharia. Saa saba mpaka saa kumi na moja hata Futi aliweza kuipima. Komeo akamaliza ufunguo, akaujaribu kwa kidole, akaupuliza unga wa chuma, akampa mwenyewe. Siku hiyo alimuuliza:

– Wa nani huu?

– Wa mama. Kahamia kwetu jana.

– Vizuri, – Komeo akasema. – Vizuri sana.

– Saa sita imepita, – Karani akatangaza, macho kwenye saa yake ya mfukoni. – Na robo. Kisheria, mbwa amenunuliwa.

– Na kahawa imekwisha, – Shangazi akasema. – Iliyobaki ni hiyo iliyo miguuni mwenu.

Komeo akafunika meza yake kwa turubai mchana kweupe, jambo ambalo benchi halijawahi kuliona, akachukua boksi na kuondoka. Nyuma yake alimsikia Futi akiuliza kwa upole sana kama jembe halihitajiki. Hakugeuka.

Nyumbani alifungua, akaingia, akafunga. Akabeba stuli akaiweka ukumbini, mkabala na mlango, akakaa, boksi mapajani. Kitasa kile alikitengeneza mwenyewe, akakipigia misumari mwenyewe, na miaka yote hiyo hakuwahi kukaa upande wa ndani akikisubiri. Nyumba ilikuwa kimya. Si kimya cha usiku. Hicho kina watu ndani. Hiki kilikuwa cha vyombo vilivyooshwa. Friji ilinguruma ikaacha, na ilipoacha ikawa vibaya zaidi. Mbwa akatoa kichwa nje ya boksi, masikio juu.

Saa saba na dakika chache viatu vidogo vikapanda ngazi. Vikasimama. Komeo akangoja kusikia ufunguo.

– Hodi, – binti yake akasema huko nje.

Kimya.

– Hodi humu ndani.

Halafu, kwa sauti nyingine, nzito kidogo, yenye uchovu na upendo, sauti ya bibi yake kabisa, akajijibu:

– Karibu, mama. Karibu, pita.

Na mbwa akabweka. Alibweka kwa mwili mzima, miguu ikaruka ndani ya boksi, sauti ikajaa ukumbi na chumba cha nyuma na ile kona ya dirishani.

Ufunguo ulikuwa umeshagusa kitasa, ukatoka.

– Nani? – binti akauliza, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Komeo alitaka kujibu. Kisha akakumbuka kuwa aliyeagizwa kuitikia si yeye, akaliinua boksi kwa mikono miwili. Ikabidi mbwa ajibu tena.